Rangi Tano na Kitanda Kilichokataa Kukauka

Mnanichosha. Niliulizwa jambo moja tu: mtu anayeanza kupaka rangi za mafuta anunue zipi kwanza. Nikajibu: nyeupe, ngeu, udongo wa manjano, nili na masizi. Tano. Nikadhani nimemaliza, nirudi kwenye jiwe langu la kusagia rangi. Kumbe hapana. Mjukuu wangu Ashatu na wenziwe wamenikalia barazani. Mbona tano, bibi, na dukani zimejaa? Mbona hakuna kijani? Nani alikufundisha? Tuandikie, tusije tukasahau. Kana kwamba mimi karani. Chuo cha Kurani niliishia juzuu ya kwanza, na herufi zangu zinakwenda upande upande kama kaa. Lakini nikikataa mtasema bibi hajui. Basi naandika, nanyi msome mpaka mwisho, maana kwa mdomo sitarudia.

Mimi ni Mwajabu binti Rehani, mzaliwa wa Bagamoyo, mtaa wa Gongoni. Mume wangu alikuwa Bwanausi, fundi wa milango na vitanda. Mtu akijenga nyumba ya mawe akataka mlango, alimwita yeye. Binti akiolewa, kitanda chake chenye miguu ya kukerezwa, iliyozungushiwa mapete ya rangi, kilitoka uani kwetu. Yeye alichonga na kupaka, mimi nilisaga. Rangi haizaliwi uji. Inakuja madonge na mawe, nayo lazima isagwe mpaka ukiisugua baina ya vidole usisikie chembe. Kusaga nilikujua tangu usichana, maana msichana gani wa pwani hajasaga liwa ya kupaka usoni? Nikamsagia Bwanausi miaka mingi, nikimwekea unga mkavu ndani ya vifuu.

Hapo ndipo nilipokomea. Kuchagua rangi, kuzitia mafuta, kushika brashi, hayo aliyafanya chumbani, mlango umerudishwa. Nilimwuliza siku moja anaficha nini mle. Akasema, "Mke wangu, ufundi ndio ulivyo." Nikamwambia, "Basi saga mwenyewe." Akacheka. Kesho yake nikasaga.

Akafa kwa homa. Uani aliacha kitanda kimoja kimekwisha kuchongwa, hakijaguswa na rangi. Kilikuwa cha binti wa Mwinyimvua, jumbe wa mtaa wetu, na arusi yenyewe ilikwisha kupangiwa mwezi wake. Nikakaa eda. Siku niliyotoka, kabla sijamaliza hata kufagia, mdogo wa marehemu, Mwinshehe, alikuwa amekaa barazani akiningoja. Mirathi ilikuwa imekwisha kugawanywa, kila mtu na haki yake. Kimoja tu kilikuwa hakijapata mwenyewe, nalo ni sanduku la rangi.

"Shemeji, pole tena," alisema. "Nimefuata lile sanduku."

"Sanduku gani?"

"La marehemu. Brashi, chupa, bamba la kukorogea. Vitu vya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya wanaume, shemeji. Wewe brashi utazifanyia nini, utafagilia meko?"

"Nitapaka kitanda cha jumbe."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Umewahi kupaka lini?"

"Bado. Ndiyo sababu nalitaka sanduku."

Mwinshehe hakuwa mtu mbaya, wala sisemi hakuwa fundi. Alikereza vizuri. Lakini nilimwona anavyoliangalia lile sanduku kama mtu anayeangalia chakula kilichosazwa, nikajua likitoka mlangoni kwangu na mimi nimetoka. Nitabaki mjane wa fundi, anayetwanga mpunga wa watu. Na mimi kichwa kilikwisha kuota mvi. Nikasema liwalo na liwe, halitoki.

Tukaenda kwa Mwinyimvua. Alitusikiliza huku akitafuna tambuu, hana haraka. Mwishowe akasema mbele ya watu waliokuwapo, "Kitanda changu, na arusi yangu. Mwajabu apake. Kikitoka kizuri, sanduku lake. Kikiharibika, sanduku la Mwinshehe, na mama huyu asimsumbue mtu tena." Nikasema nimekubali. Mwinshehe akasema amekubali, tena akitabasamu.

Nililifungua sanduku siku ile ile. Chupa za rangi karibu zote tupu. Chupa ya mafuta tupu pia, chini imebaki ngozi ya manjano iliyogandamana na kioo. Nikainusa. Harufu nzito nzito, nikasema hii nazi iliyochacha. Wala sikujiuliza mara ya pili. Pwani yetu nazi ndiyo kila kitu. Tunaila, tunapaka nywele, tunawashia taa, na mlango mpya tunauchua kwa mafuta ya nazi ung'ae. Sasa mafuta mengine ya nini?

Nikaenda kwa Mhindi mwenye duka la rangi. Alinifungulia vifuko vyake: nyekundu za namna tatu, kijani namna mbili, zambarau, waridi, buluu ya bahari na buluu ya mbingu, moja inaitwa hivi, moja inaitwa vile. Nikasimama kama mtoto mbele ya sinia la halua.

"Mama, ndiyo kwanza unaanza?" akaniuliza.

"Ndiyo kwanza."

"Basi chukua zote. Ukikosa moja utarudi."

Mtu akiwauzia maneno hayo, mtoke dukani kwake. Mimi sikutoka. Nilimwachia kikuku changu cha fedha nikaondoka na kikapu kimejaa, kichwa juu.

Nikakamua nazi, nikachemsha mafuta safi, nikasaga, nikakoroga. Kila rangi na kifuu chake, na uani hapana pa kukanyaga. Nikitaka zambarau, ipo. Nikitaka waridi, ipo. Sikuijua hata moja inavyokaa na mwenziwe. Brashi ikitoka kifuu hiki ikiingia kile, vyote viwili vinaharibika, nikiviongezea cha tatu kuvitengeneza, vinakuwa tope la mikokoni. Hata hivyo nilikipaka kitanda chote. Miguu, mbavu, ubao wa kichwani, na maua juu yake. Na kiling'aa. Majirani walikuja kuchungulia wakasema mashaallah, nami nikaamini, maana nilidhani kung'aa ndiyo kazi.

Kesho yake kilikuwa kibichi. Nikasema ni unyevu. Siku ya pili kibichi, na sisimizi wameanza kupanda miguu yake mstari mmoja. Nikakitoa juani, rangi ikatiririka, nikakirudisha mbio chini ya paa. Ulikuwa wakati wa kipupwe, na asubuhi ya kukipeleka palikuwa na baridi ya kutetemesha. Nikakigusa. Kimeshika. Kigumu, hakiachi rangi vidoleni. Nikamshukuru Mungu, nikaita wachukuzi.

Mnajua mafuta ya nazi asubuhi ya baridi yanavyoganda chupani hata yasimwagike? Na mimi nilijua, kila mwanamke anajua. Nimejua maisha yangu yote, na siku ile sikujua.

Kitanda kikapelekwa kwa vigelegele na ngoma, wanawake mbele na nyuma, mimi katikati kama ninayeolewa mimi. Kikawekwa chumbani mwa bibi arusi. Na desturi yetu, kabla bibi arusi hajakikaribia, somo wake, yule mama aliyemfunda, ndiye anayekikalia kwanza, akiegemee, akipe dua. Somo alikuwa Mwanabaraka, mama mnene mwenye ulimi, amevaa shuka mpya nyeupe tupu. Lakini kwanza watu walikula, wakacheza, wakapumzika. Somo alipoingia chumbani jua lilikuwa limepanda na chumba kimejaa watu na joto.

Akakaa. Akaegemea ubao. Akasoma dua yake yote, ndefu, hakuruka neno. Akainuka na kugeuka. Mgongoni kwake palikuwa na kila rangi ya duka la Mhindi, na maua yangu, yale yale, yamegeuka kushoto kulia.

Mwanabaraka alijishika nyuma akatazama kiganja chake. "Mwajabu," akasema taratibu, "ulitumwa kupaka kitanda au kunipaka mimi?"

Mmoja akasema, "Nenda nayo hivyo hivyo somo, umependeza." Basi, kikawaka kicheko. Mkeka umechafuka, kizingiti kimechafuka, bibi arusi analia kona moja. Mimi nilisimama pale pale. Sikukimbia. Nilitaka mtu aniangalie usoni akicheka, na wengine waliniangalia.

Alasiri Mwinyimvua alikirudisha kitanda, kikatupwa uani kwangu miguu juu. Mwinshehe akafuata. Nilimtolea sanduku kwa mikono yangu mwenyewe, maana makubaliano ni makubaliano.

"Sasa shemeji upumzike," alisema.

"Nitapumzika nikizikwa."

Alipoondoka nilikaa na kile kitanda. Ningeweza kukipasua kuni, na jirani mmoja alikuja kuziomba. Nikamfukuza. Niliwaza juu ya ile ngozi ya manjano katika chupa ya Bwanausi. Ilikuwa ngumu kama ukucha. Mafuta yake yaliacha ngozi, yangu mimi yameacha sisimizi. Basi hayakuwa ya nazi. Jambo dogo hivyo, na mtu amelala nalo nyumba moja umri mzima.

Nikachukua kipande cha ubao, nikaanza kuomba mafuta mji mzima, tone huku, tone kule. La nazi nikaliweka kwa makusudi, nilitazame vizuri. Ufuta. Mbarika. Sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo. Na kwa yule Mhindi nikauliza mafuta ya kitani, ambayo kwao huyaita alsi. Nikayapanga ubaoni chini ya paa nikangoja, kila asubuhi natia kidole. Nazi ilibaki nazi. Mbarika ilinata kama ulimbo. Ufuta ulikuwa mzito, nikautumainia, ukakwama hapo hapo. Sifa ilianza kushika, lakini majirani walikuja kuuliza nani kafa humu. Kitani kilikauka. Kikawa ngozi, ya manjano, ngumu, nikaigonga kwa ukucha ikalia.

Sasa rangi. Kile kikapu cha Mhindi nilikifunga nikakiweka darini, nikajiuliza swali moja tu, nalo ndilo mnaloniuliza kila siku kwa maneno mengi: rangi ipi siwezi kuipata kwa kuchanganya nyingine? Hiyo ndiyo ya kununua. Iliyobaki ni mapambo ya duka.

Nyeupe siwezi kuitengeneza. Nilijaribu chokaa, ukutani nzuri, ndani ya mafuta inafifia na kuwa kama uji wa jana. Basi nyeupe inunuliwe dukani, na asiilambe mtu vidoleni, ina sumu. Nyekundu nilichukua ngeu, ule udongo maseremala wanaopigia mistari. Mnasema haiwaki. Kweli haiwaki, lakini iacheni juani mwaka mzima kisha mrudi, mtaikuta ngeu. Ile nyekundu ya kuwaka niliipaka ukutani, juani vile vile, ikawa rangi ya mtu mwenye safura. Manjano nilianza kwa bizari, nikiona uvivu kwenda mbali, jua likaila yote. Ndipo nilipotembea mpaka Makurunge, kwenye gema la kijito wanakolima mpunga, nikachimba udongo wa manjano, nikauosha, nikauchuja, nikausaga. Huo haujanitoka tangu siku hiyo. Nili, ndiyo buluu yetu, itie kwa ncha ya kisu. Ni mchoyo mwenye nguvu, ukiizidisha inameza wote. Na hapo kijani mnachokililia kimepatikana, udongo wa manjano na nili kidogo, kijani cha jani la mhogo. Masizi yawe ya taa, yakusanye kwenye sahani juu ya moto wake. Ya sufuria yana mafuta ya mchuzi. Masizi ni mabishi kukauka, kwa hiyo yapakwe mwisho, membamba.

Zambarau hamtaipata safi hapo. Mtapata rangi ya bilingani bivu. Mtu asiyeweza kuishi bila zambarau asianze kazi hii.

Brashi sikuwa nazo, ziko kwa Mwinshehe. Nikafunga manyoya ya mbuzi kwenye vijiti vya matete. Kitanda nikakikwangua kwa mchanga na majivu mpaka mti ukaonekana, nikakiweka kando. Nikauanza mlango wangu wa mbele. Si wa uani, wa mbele, njiani, watu wanakopita kwenda sokoni, na wapagazi wa bara na mizigo yao. Jumbe alisema nisimsumbue mtu. Mlango wangu si mtu.

Walisimama. Walisema. Mama kachanganyikiwa, kaingiwa na pepo wa marehemu. Mtoto mmoja aliambiwa na mamake asiniegemee atachafuka. Nilipaka. Mwinshehe akaja, alikwisha kupelekewa habari.

"Shemeji, jumbe alisema nini?"

"Alisema nisimsumbue mtu. Wewe ndiye uliyenisimamia."

"Watu wanapita wanauona."

"Wafumbe macho."

"Jina la kaka yangu linachekwa."

"Kaka yako hakuupaka huu. Waambie kapaka Mwajabu, wacheke jina langu."

Akanyoosha kidole kwenye pete la ngeu nililolimaliza juma lililopita, akakandamiza, kwa nguvu, akijua atakachopata. Akakitazama kidole. Akakisugua kwenye kanzu, kanzu ikabaki nyeupe. Akauliza chini chini, "Umetia nini?"

Ningeweza kurudisha mlango nikamwambia ni siri ya fundi. Nikamwambia, "Mafuta ya kitani. Nenda kanunue." Alidhani namdanganya, nikamwona usoni. Akaenda zake. Mimi sifichi kitu, wala sijapata kuona aliyeibiwa kazi kwa sababu ya kusema.

Wa kwanza kuja kwa kazi alikuwa Mwanabaraka. Alibisha hodi na nyuma yake wachukuzi na kasha la nguo. Alikuwa amejitanda kaniki nyeusi kutoka utosini mpaka kisigino.

"Umefiwa?" nikamwuliza.

"Sijafiwa. Nakujua tu." Akaketi mbali na ukuta. "Nipakie kasha hili kama mlango ule. Na lisipokauka, Mwajabu, nitakuvalisha."

Lilikauka. Akaenda kusema alikopita, na ulimi wake ulifanya kazi ambayo brashi yangu isingeweza. Zikaja kazi nyingine, kasha, kitanda, madirisha ya nyumba moja mtaa wa Dunda. Hapo ndipo Mwinyimvua aliponiita. Mwinshehe alikuwa amekwisha kufika, amekaa, ameinamisha kichwa.

"Mwajabu," alisema jumbe, "nilikupa sharti mbele ya watu."

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Nilikupa sharti."

"Ulinipa. Sharti lilikuwa sanduku. Muulize Mwinshehe kama hakulipata."

"Mwinshehe anasema watu wanapeleka kazi kwako."

"Nami nasema wanaleta. Tumekubaliana."

Mtu mmoja kando akakohoa kuficha kicheko. Mwinyimvua akamtupia jicho. "Na nikikukataza?"

"Utanikataza na nini, jumbe? Brashi nimezifunga kwa manyoya ya mbuzi wangu. Udongo nimeuchimba mwenyewe. Masizi ni ya taa yangu. Kitanda chako kilinichafua jina, nikakilipia kwa sanduku. Sina chako. Ukitaka kunikataza, njoo uketi kizingitini kwangu kila siku, maana ukiondoka tu nitapaka."

 Alitafuna tambuu yake, akatema, akatazama njiani. "Nenda," akasema. Hakusema nimeshinda, hakusema endelea. Nikaenda, na jioni ile ile nikamaliza dirisha la watu.

Mpaka leo jumbe akipita kwangu hugeuza uso upande wa pili. Ageuze. Sanduku liko kwa Mwinshehe, sijaliomba wala sitaliomba. Siku hizi hununua kitani, nasikia, lakini hataki nijue. Kitanda nilikipaka upya, nyeupe na ngeu tu, nakilalia mwenyewe.

Sasa zamu yenu. Mmekula maneno yangu, na mimi sili bure wala silishi bure. Ashatu, wewe na wenzio, kila mmoja apake mlango wa nyumba ya kwao, upande wa njiani, kwa hizo tano. Atakayeongeza ya sita aje aniambie kwa nini, na nisipomwelewa ataikwangua. Mama akikataa, au mjomba, au yeyote, mniite nije nizungumze naye. Na pembeni, chini, pakikauka, kila mmoja aandike jina lake zima na la baba yake, herufi kubwa, asome kila anayepita. Anzeni kesho.